Mnene wa Ghorofa ya Tisa

Katika nyumba ya Dolat, ghorofa ya tisa, mtaa wa Don Mills mjini Toronto, mgeni haulizwi neno kabla ya kupewa maji. Atavua viatu, atavua koti, atashikishwa glasi iliyojaa hadi ukingoni, na akishaimaliza ndipo atakapoulizwa habari za kwao. Dolat aliurithi utaratibu huo dukani kwa baba yake huko Maikona, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, kaskazini ya Kenya, ambako hata mteja aliyekuja kununua sindano moja alinyweshwa kwanza. Watu wake wote wa karibu wameufuata kwa miaka mingi bila kuuhoji. Na ni utaratibu huo, si jambo jingine, uliotaka kumwua Mnene.

Mnene ni waridi la jangwani. Mwaka wa 1974, mwezi wa Septemba (mumewe hudai ni Oktoba, lakini mumewe hakuwapo), Dolat aliondoka Maikona akiwa na miaka ishirini na mmoja na mbegu tatu zilizofungwa katika kipande cha gazeti. Mbili hazikuota. Ya tatu imekuwa mti unaomfikia kiunoni, wenye shina lililofura kama mtungi, na maua mekundu yaliyopauka ambayo hufunguka roshanini kila Julai. Duka la Maikona limekwisha kuanguka. Mti uliozaa mbegu zile, kwa habari alizozipata, uling'olewa ili barabara ipite. Mnene ndiye kiumbe pekee aliyebaki ambaye Dolat anaweza kumwonyesha mtu na kusema: huyu ni wa kwetu.

Januari iliyopita Dolat alipasuliwa goti akawekewa jipya, akakaa wiki tatu katika kituo cha mazoezi ya viungo. Alimwacha Mnene dirishani, amepukutisha majani yote kama afanyavyo kila majira ya baridi. Asiyemjua angedhani amekufa. Anayemjua anafahamu kwamba amelala, na kwamba tangu Novemba hadi Machi iishe haonjeshwi hata tone. Dolat hakumwagiza mtu lolote kumhusu, akiamini kwamba kutoagiza kunatosha.

Siku aliporudi hakuvua hata koti. Alikwenda moja kwa moja dirishani na mkongojo wake, akakuta uyoga. Ulikuwa mmoja tu, wa manjano kama kiini cha yai, umesimama chunguni kwa madaha kana kwamba ndio unaolipia nyumba.

"Nazir!"

Mumewe alitokea jikoni na glasi mkononi. "Karibu nyumbani, Dolatbai. Kunywa kwanza."

"Nitakunywa. Hiki nini?"

"Uyoga."

"Uyoga naujua tangu wewe hujui kufunga kamba za viatu. Nauliza umeota vipi hapa."

Aliujua kweli. Maikona, mvua ikinyesha mara moja kwa mwaka, uyoga ulichomoza juu ya vichuguu, kofia zake zimefungwa kama miavuli, na watoto waliuvunja wakajipaka unga wake mweusi kuwa masharubu. Uyoga ulifuata mvua. Ndani ya nyumba hii mvua hainyeshi. Basi kulikuwa na mtu aliyeinyesha.

Washukiwa walikuwa watatu, na wote walikuwa sebuleni: Nazir mwenyewe, Bosibori, nesi kutoka Kisii anayekaa mlango wa pili, na Zahira, binti yao, aliyemleta mama yake kwa gari kabla ya kurudi kwake Markham.

"Mimi nilimpa kidogo," alisema Nazir. "Glasi moja. Kila asubuhi."

Bosibori alijishika mdomo. "Woi, Anti! Na mimi nikitoka zamu nilikuwa napita kumsalimia mzee. Nikaona mti umekauka hivi, nikasema mwenyewe hayuko, wacha nimsaidie. Glasi moja tu."

"Kila siku?"

"Siku za zamu tu, Anti. Tano kwa wiki."

Zahira, ambaye huelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza, alieleza kwamba yeye alikuja Jumamosi tatu tu, na kwamba chupa yake ilikuwa ndogo. Kisha, kwa kuwa hali ilikuwa mbaya, akahamia Kiswahili: "Maji kwanza, Mama. Si wewe ulisema?"

Dolat alifungua kinywa akemee, akacheka. "Kwetu kuna swala twiga. Husimama kwa miguu miwili akala majani ya mgunga, na anaweza kumaliza maisha yake bila kuinamia kisima. Nyinyi mngemkimbiza na ndoo."

"Tungemkimbiza kwa magoti yapi?" aliuliza Nazir.

Kisha Dolat akaliminya shina, na kidole kikazama kama katika parachichi lililoiva mno. Hakuna aliyecheka tena.

Kazi ilianza papo hapo, juu ya magazeti. Bosibori alivaa glavu, kwa maana utomvu wa Mnene ni sumu, akashika kisu. Dolat alikaa kitini akiamuru. "Kata. Bado ni kahawia. Kata tena." Walipofika kwenye nyama nyeupe, nusu ya shina ilikuwa imekwenda na mizizi ilibaki ya upande mmoja. Walipaka mdalasini wa unga kwenye jeraha ili ukungu usirudi, wakamning'iniza Mnene kichwa chini kwenye fimbo ya pazia. Alikaa hivyo wiki tatu, akauke. Baadaye alipandwa katika mchanga na changarawe, na Dolat akabandika karatasi: AMELALA. ASIPEWE MAJI.

Kungoja ndiko kulikowashinda. Kila asubuhi Nazir alipita dirishani na glasi, akasimama, akainywa mwenyewe. "Nakunywa kwa niaba yake," alisema. Machi ilipita. Aprili ilipita. Dolat aliliminya shina kila siku, likawa gumu. Lakini kuni nazo ni ngumu, na hilo hakumwambia mtu.

Tarehe tisa Mei, baada ya chai, aliona kitu cha kijani kwenye ncha ya tawi, kidogo kama punje ya mchele. Alivaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Lilikuwa jani.

Aliwaita wote. Walisimama mbele ya dirisha, mikono nyuma, kama wanafunzi waliowahi kuvunja kioo.

"Sasa ameamka," alisema Dolat. "Nazir, mletee mgeni maji."

"Kiasi gani?" aliuliza Nazir kwa tahadhari kubwa.

"Nusu glasi. Nusu nyingine unywe wewe."

Maji yalizama mchangani taratibu. Yalipokwisha, Dolat aliinama, goti jipya likilalamika, akamwuliza Mnene habari za kwao.