Gari Ambalo Hashimu Alilikataa

Hashimu hakumruhusu mtu yeyote amshikie futi ya kupimia. Nimekaa mkabala na karakana yake hapa Gerezani miaka ishirini na mbili, nikiuza taa na vioo vya pembeni, na sijaona fundi bodi mwingine anayejitesa vile. Wenzake hupima gari wawili wawili, mmoja anashika ncha, mwenzake anavuta, namba inatajwa, kazi inaendelea. Yeye aliibana ile futi ya chuma kwa koleo upande mmoja, akazunguka, akasoma, akarudi kuhakikisha ncha haijateleza, akasoma tena kwa kunong'ona. Nilimwambia siku moja kwamba akiioa hiyo futi nitapika pilau mwenyewe. Hakucheka, nami nikakasirika, maana utani wangu huwa haupotei bure.

Alikuwa na mawili mengine. La kwanza, hakugusa Renault. Peugeot alinyoosha, Land Rover alinyoosha, lakini Renault hata ingekuja na mbeba mizigo akiisukuma jua kali, aliiambia ipite. La pili lilinitia baridi. Saa saba mchana, mafundi wakienda kula na nyundo zote zikinyamaza, alikuwa akivuka barabara na kuniuliza, "Badria, unasikia?"

Mimi nilisikia basi la mwendokasi likipita na watu wakigombania njia. Yeye alisikia nyundo. Mapigo matatu mepesi, kisha moja zito. Hivyo ndivyo alivyogonga baba yake, Mzee Hamis, aliyefariki mwaka tisini na tisa. Pale pembeni ya karakana bado kuna kigoda chake, na mtu akikikalia Hashimu humwinua kwa adabu.

Habari yenyewe alinisimulia mara moja tu, mwaka ambao mama yake alizikwa. Mwaka themanini na sita, mwalimu mmoja aitwaye Augustino aliwaletea Renault 4, kile kigari cha Kifaransa cha watu wa kipato kidogo, chenye gia inayotokeza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Lilikuwa limegongwa ubavuni, upande wa kushoto. Mzee Hamis hakuwa amewahi kunyoosha Renault kabla ya hiyo. Alilinyoosha kwa jicho na kwa kamba, kama alivyozoea, mpaka milango ikafunga kwa kidole kimoja. Miezi minne baadaye gari lile liliacha barabara wakati wa mvua, mwalimu akafariki.

Ndugu wa marehemu walilivuta gari mpaka karakana, wakaja na mtu aliyejiita mkaguzi. Mtu huyo alitoa futi. Ncha akamshikisha Hashimu, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, katikati ya gurudumu la nyuma. Mkaguzi mwenyewe akaivuta mpaka katikati ya gurudumu la mbele, kisha akasema miwani ameisahau, asomewe. Hashimu akaiacha ncha, akaenda akasoma kwa sauti, mbele ya watu wote. Kulia, sentimita mia mbili arobaini na tano. Kushoto, mia mbili na arobaini.

"Pande mbili za gari moja hazipishani," mkaguzi alisema. "Huyu mzee aliliacha limejikunja. Ndilo lililomvuta mwalimu porini."

Mzee Hamis alimuuliza mwanawe, "Umesoma vizuri?"

"Nimesoma vizuri, baba."

Basi. Mzee hakwenda jela na hakuna aliyempiga. Aliweka nyundo chini na hakuishika tena. Miaka kumi na mitatu alikaa kwenye kigoda akichambua bolti na nati, na kila mwaka, siku aliyofariki yule mwalimu, alikwenda makaburi ya Kinondoni, yeye Mwislamu, kung'oa majani kwenye kaburi la Mkristo, akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua. Alipofariki, Hashimu akairithi nyundo na hilo kaburi.

Sasa aje Amjad. Huyu ni kijana wa duka la vitambaa Mchafukoge, baba yake mtu wa asili ya Yemen, mwenyewe Mswahili mpaka kwenye unyayo. Mwaka jana alilivuta gari kwa pikapu, akaliacha mlangoni kwa Hashimu wakati fundi yuko msikitini. Nilipoliona nikajua patakuwa na kazi. Lilikuwa Renault 4, rangi ya maziwa ya chai, limejaa vumbi.

"Shikamoo, mzee," Amjad alimwambia aliporudi.

"Marahaba. Liondoe."

"Nisikilize kwanza. Nataka hotrodi, mzee wangu." Akamwonyesha picha kwenye simu, magari ya zamani yaliyokatwa paa likashuka, madigadi ya mbele yameng'olewa, injini iko nje inaonekana, matairi ya nyuma mapana. "Bongo nzima hakuna. Ukikataa, kuna jamaa wa Buguruni atalikata kwa grenda kesho, na mikono yake unaijua."

Hashimu aliliangalia gari muda mrefu. Nadhani ni huyo jamaa wa Buguruni aliyemshinda. Akasema, "Lisogeze ndani."

Kwa wiki tatu nilimwona Hashimu mwingine. Alikata nguzo za paa akalishusha vidole vinne, na kioo cha mbele kikabaki kama macho ya mtu anayesinzia. Aling'oa madigadi. Alipata injini ya Starlet akaipimia nafasi yake, na ile gia ya mwavuli akaapa itabaki. Aliniita nije niivute na kuisukuma gia hiyo, mwenyewe anafurahi kama mtoto aliyepewa kinanda. Kisha, kabla ya kuchomelea vishikio vya injini, akapima. Peke yake, na koleo lake.

Aliniita tena. Kulia mia mbili arobaini na tano. Kushoto mia mbili na arobaini.

"Limenifuata, Badria."

"Limegongwa kushoto kama lile. Magari yanagongwa kila siku," nilimwambia. "Vuta, lisawazishe, umalize."

Naliona kosa langu leo, lakini fundi gani wa Gerezani angesema tofauti? Gari likipishana pande, limegongwa. Tunazaliwa tunajua hivyo. Akafunga mnyororo kwenye nguzo ya chuma, akaweka jeki, akaanza kuvuta upande wa kushoto. Siku tatu. Gari lilikuwa likilia, na yeye aliponiuliza saa saba kama nasikia, nilimjibu vibaya, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nimeanza kuogopa.

Siku ya nne bati likachanika. Hashimu alikwangua rangi pale lilipoachia, na pale pale akakaa chini. Chini ya rangi hakukuwa na puti ya kujazia mabonde wala alama ya nyundo. Vile vidoa vya kuchomelea vya kiwandani vilikuwa mstari mmoja, vimetulia, mkono wa fundi haujawahi kuvigusa.

"Hili halijawahi kugongwa," alisema.

Amjad alitupeleka kwa mwenye gari wa awali, nesi mstaafu aitwaye Severine, ghorofa ya pili, jengo lile lile la duka lao, akatuacha mlangoni akarudi dukani. Ana miaka themanini na nne na anasikia kuliko mimi. Hashimu alimwamkia, kisha akamuuliza gari lake liligongwa lini.

"Mwanangu, mimi nimeliendesha tangu likiwa jipya. Halijagongwa hata na baiskeli." Akainuka, akafungua kabati, akatoa kijitabu cha gari kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kifaransa hatukijui sote watatu. Lakini ukurasa wa mwisho ulikuwa na mchoro wa gari limetazamwa kutoka juu, na namba hazina Kifaransa. Upande mmoja mita mbili na sentimita arobaini na tano. Upande wa pili mita mbili na sentimita arobaini.

Yametengenezwa hivyo. Vyuma vinavyobeba magurudumu ya nyuma vimelala kimoja nyuma ya kingine, kwa hiyo gurudumu moja linakaa nyuma zaidi ya mwenzake. Mzee Hamis alikuwa amelirudisha gari la mwalimu mahali pake kabisa, kwa jicho na kamba, bila kijitabu.

Nilifurahi kiasi cha kutaka kupiga vigelegele, na ningepiga, kama Mama Severine asingekuwa anamkazia macho Hashimu.

"Wewe nakukumbuka," alisema. "Gerezani. Mwaka tisini na moja, nafikiri. Nilikuletea gari hili mlango haufungi, ukanikuta barabarani hata sijazima. Ukanikatalia. Nikarudi wiki iliyofuata, ukanikatalia tena. Ukasema hamtengenezi Renault. Ndani nilimwona mzee amekaa kwenye kigoda, anachambua bolti. Nikasema kijana huyu ana roho mbaya."

Hashimu alikifunga kijitabu. Miaka yote ile alikuwa akiyafukuza Renault ili baba yake asiyaone. Ilikuwa huruma. Na gari lenyewe, lenye pande mbili zinazopishana kwa sentimita tano zile zile, lilisimama hatua kumi kutoka kwenye kigoda, mara mbili, mzee yuko hai, futi ikining'inia ukutani.

Alirudisha bati aliloharibu, akaurudisha ule upande kwenye mia mbili na arobaini, akamaliza kazi. Gari linatisha kweli, Amjad hakudanganya. Alipokuja kulichukua aliniuliza pembeni mbona matairi ya upande mmoja yamesogea, nikamwambia achukue gari lake aende.

Lakini kabla hajaja, Hashimu alivuka barabara akaniita. Alinipa ncha ya futi. Sikuuliza. Nikaishika katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, naye akaivuta mpaka mbele.

"Njoo usome wewe," aliniambia.

Nikaenda nikasoma kwa sauti, mia mbili na arobaini. Tukahamia kulia. Mia mbili arobaini na tano. Hashimu alikuwa ametazama kigoda.

"Umesikia, baba?" alisema. "Nilisoma vizuri. Na wewe ulinyoosha vizuri." Kisha akaongeza, "Lakini gari hili, mlangoni nililizuia mimi."

Ilikuwa saa saba. Mafundi walikuwa wamekwenda kula, nyundo zimenyamaza kote. Nilingoja aniulize kama nasikia, nilikuwa nimejiandaa kumjibu kwa upole. Hakuniuliza. Alikunja futi, akainamisha kichwa upande kama mtu anayezungumzishwa, na mimi nikabaki nimesimama pale na vumbi la chuma mikononi, nikisikiliza.