Mpelelezi wa Sufuria

Harufu ya mkaa uliolowa hunirudisha Soweto, Mbeya, miezi ile ya baridi ambayo watu walikwenda hadi dukani wamejifunika mablanketi. Nyumba pekee yenye televisheni mtaani kwetu ilikuwa ya Mama Karim, mke wa muuza vitambaa, naye alituruhusu watoto tukae sakafuni mradi tumenawa miguu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa mgonjwa wa tamthilia moja ya kigeni: mume na mke, matajiri wasioonekana kufanya kazi yoyote, waliofumbua mauaji kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Polisi walichemsha, wao walitazama kiatu chenye tope wakamtaja muuaji. Kiingereza chao nilikielewa kwa kubahatisha, lakini somo nililipata: mwenye akili hakosei, na wa kwanza kutazamwa ni mtu wa jikoni.

Jumamosi moja Mama alikwenda Tukuyu kumwona bibi, akaniachia nyumba. Atupele, msichana wetu wa kazi kutoka Chunya, ambaye hakunizidi hata miaka mitano, alikuwa kwenye foleni ya maji bombani. Mimi nilikuwa kwa Mama Karim. Mama aliporudi jioni, sufuria letu kubwa la shughuli, lile alilopewa siku ya harusi yake, halikuwepo.

Nilianza upelelezi papo hapo, mikono nyuma kama yule bwana. Asubuhi kaka yake Atupele alikuwa amepita na gunia tupu, akaondoka nalo limejaa. Nilizipanga hoja zangu sebuleni, kila mtu ameketi, kama ilivyopaswa. Atupele alisema gunia lilikuwa na maparachichi ambayo Mama mwenyewe alimruhusu achume. Kisha akanigeukia mimi.

"Kaka, si ulimwona akiondoka? Lilikuwa na umbo la sufuria lile?"

Nilimjibu kwamba mwizi hodari hufunika alichoiba kwa maparachichi. Mama alinitazama kwa fahari ambayo sikuiona tena usoni mwake, hata siku ya mahafali yangu ya chuo kikuu. Kesho yake Atupele alipanda gari la Chunya na kifurushi kimoja.

Jumanne sufuria lilirudi, limesuguliwa mpaka linang'aa. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamelichukua kupikia msibani, mtaa wa tatu. Kwetu sufuria la msiba haliombwi. Huchukuliwa, na wenye nyumba huarifiwa. Aliyelileta alininyooshea kidole.

"Nilimwarifu huyu, dirishani kwa Mama Karim. Akaniitikia, 'Haya, shangazi,' wala hakugeuza shingo."

Nilisema sikumbuki. Nilikumbuka. Mama akauliza, "Yule mtoto wa watu tutamwambia nini sasa?" Kwa kuwa hatukujua la kumwambia, hatukumwambia chochote. Wiki iliyofuata alikuja msichana mwingine.

Leo nafundisha chuoni Iringa. Mimi na mke wangu, watu wa mshahara tu, hutazama tamthilia za namna ile kwenye simu. Matajiri bado hawakosei. Mimi humtaja muuaji mapema, na mke wangu husema nilikosea fani. Juzi dada anayetusaidia nyumbani aliniuliza kwa nini nawakataza watoto kucheza upelelezi. Nilimwambia wanapiga kelele.