Mkanda wa Maman Langoni mwa Makumbusho

Mkanda wa Maman, mama yangu, ulinuka jasho, mafuta ya mawese na unga wa mihogo, na hiyo ndiyo harufu ya kwanza ninayoikumbuka katika nyumba yetu ya Kadutu. Ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndio ule mkanda ambao wanawake wa Bukavu hubebea mizigo: gunia hukaa mgongoni, mkanda hulizunguka na kupita juu ya paji la uso, na shingo ndiyo inayofanya kazi ya injini. Maman alishusha unga kutoka soko la Kadutu hadi madukani kando ya ziwa, akapandisha makaa yaliyoletwa na boti za kisiwa cha Idjwi. Paji lake lilikuwa limechimbika mfereji ambao kidole changu kililala ndani yake kikaenea, na kila jioni aliupaka mawese. Siku moja niliuvaa mkanda ule kwa mchezo. Aliuvua taratibu kichwani pangu, akaurudisha msumarini, akasema, "Kichwa yako ni ya masomo. Haiko ya kamba." Maneno hayo aliyarudia miaka yote kama wengine wanavyosali rozari, na mimi niliyaamini.

Kiangazi kimoja, nikiwa darasa la tano, mwalimu wetu alitangaza kwamba tungetembelea makumbusho ya usafiri. Ilikuwa bohari kuukuu karibu na bandari, ambamo tajiri mmoja alikuwa amekusanya vyombo vya zamani. Basi lilikodiwa kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walikuwa na uwezo, na sisi wengine tukaambiwa tujue namna ya kufika. Basi mimi nilikwenda kutazama magari kwa miguu. Maman alichukua gunia la kupeleka upande huohuo ili tufuatane, nami nilishuka mlima nyuma yake nikimeza vumbi, nikitazama visigino vyake vikitafuta mawe imara. Wabebaji wana desturi yao: hutui mzigo mahali pasipo na mtu wa kukutwika tena. Kwenye matuta yao ya kupumzikia kila apitaye hukusukuma kutoka nyuma hadi usimame, bila kuombwa wala kushukuriwa. Nje ya matuta hayo hutui, hata shingo ikikulilia.

Langoni mlinzi alimzuia. "Maman, na muzigo hauwezi kuingia. Weka chini."

"Nikiweka chini, nani atanibebesha?"

"Ile kamba ni ya banamuke," alijibu mlinzi, akageukia pembeni kama mwanamume asiyehusika na kazi ya wanawake.

Basi Maman alibaki nje, akaliegemeza gunia ukutani bila kulitua, mkanda ukiwa bado kichwani, akanipungia mkono niingie. Wenzangu walikuwa wameshafika, viatu vyao vinang'aa. Tulionyeshwa mtumbwi wa Idjwi, pikipiki ya misheni, na lori lisilo na magurudumu ambalo eti lilikuwa la kwanza kufika Bunyakiri. Katikati ya ukumbi, juu ya zulia, palikuwa na tipoy, kile kiti chenye miti miwili ambacho Wazungu walikuwa wakikalia huku watu wetu wakiwabeba vilimani. Kilikuwa kimepakwa vanishi hadi kikawa kama kitanda cha arusi. Ukutani palikuwa na picha ya bwana mmoja mwenye kofia amekikalia, na fremu ilikuwa imewakata wabebaji shingoni. Aliyeko juu mngoje chini, wahenga walisema. Lakini waliokuwa chini ya kiti kile walingoja mpaka wakapoteza hata sura.

Kiongozi wetu wa makumbusho, kijana mcheshi wa tai nyekundu, alitaka tucheze kidogo. Alimkalisha kitini mtoto wa mfanyabiashara mmoja, kisha akatafuta wa kumbeba. Alitazama miguu yangu yenye vumbi. "Wewe mwenye ulikuja na miguu, shika mbele. Uko na nguvu." Darasa lilicheka, na mwalimu wetu naye alicheka. Niliinama, mti ukanikaa begani, na hasira niliyoisikia wakati ule ninayo mpaka leo.

Kupitia mlango uliokuwa wazi Maman alikuwa ameona yote, na nje kulisikika kishindo cha gunia. Aliingia bila kumtazama mtu, alama ya mkanda imemwiva kwenye paji, akashika mti kwa mikono yake na kunitoa chini yake. "Mutoto yangu habebake mutu," alisema kwa sauti ya chini, na hakuna aliyecheka tena. Mtoto wa mfanyabiashara aliteremka mwenyewe.

Tulipotoka, gunia lilikuwa limelala vumbini, na pale hapakuwa na tuta wala mbebaji mwenzake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: mlinzi alitazama, mwalimu akapita, basi likaondoka na watoto wakiimba. Maman alikaa chini, akavaa mkanda, akajaribu kuinuka, akaanguka kwa magoti. Alijaribu tena, akaanguka. Ndipo nilipoegemeza mgongo wangu kwenye gunia, nikasukuma kwa nguvu zangu zote, naye akasimama. Alilia njia nzima, na alikuwa halii kwa sababu ya uzito.

Nilisoma. Nilipata shahada ya ualimu, Maman akacheza siku hiyo kwa shingo yake iliyokwisha kupinda. Kisha vita vilifunga barabara, mishahara nayo ikakatika, na njaa haiulizi mtu ana diploma gani. Sasa ni mimi ninayelishusha gunia kila alfajiri, kabla ya kwenda kufundisha watoto ambao wazazi wao hawana cha kunilipa. Napita mbele ya makumbusho yale. Ukuta umepakwa rangi mpya, na tipoy, naambiwa, bado inang'aa. Mkanda haumo. Huko huwekwa vitu vilivyostaafu, na mkanda haujapata likizo.

Maman haoni vizuri siku hizi. Nikirudi jioni hunikalisha karibu yake, huchovya kidole kwenye mawese na kukipitisha juu ya paji langu. Mwanzoni alikuwa akitafuta mahali pa kupaka. Sasa kidole chake huingia mferejini chenyewe, kikaenea.

"Kichwa ya masomo," husema.

Mimi huinama zaidi, ili apake vizuri.