Ulezi wa Msiba wa Babu

Juzi nilikwenda sokoni Tunduma kutafuta ulezi wa uji, na kabla sijauliza bei mkono wangu ulikuwa umeshazama guniani hadi kwenye kiwiko. Muuzaji, mama kutoka upande wa pili wa mpaka, akanitazama akacheka, akaniita mama kwa lugha ya kwao. "Bamayo, unataka wa uji au wa pombe?" Nikautoa mkono nikiona haya. Sijapika pombe hata siku moja, lakini mazoea yale niliyapata kwa bibi, mama yake baba, aliyenilea kijijini Ruanda kule Mbozi.

Bibi alikuwa mpika pombe, tena wa kuitwa kutoka mbali. Kila baada ya mavuno alizunguka akinunua ulezi kwa magunia, wa kutosha mwaka mzima wa harusi, misiba na watu wa kualikwa kulima shambani. "Wa uji hata ukifa unaliwa," alizoea kusema. "Wa pombe sharti uwe hai." Maana pombe haina nguvu bila kimea, na kimea ni nafaka iliyooteshwa kwanza, ikaanikwa, ikasagwa. Kwa hiyo hakununua gunia lolote bila kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko kupima unyevu, kisha kuomba konzi moja ya punje, akaifunga kwenye kitambaa kibichi, akaenda zake nyumbani kusubiri iote. Wafanyabiashara walinung'unika sana, na yeye aliwaacha wanung'unike.

Ulezi uliofaulu aliuanika upya, kisha ukaingia kwenye kihenge nyuma ya jiko, kilichosukwa kwa fito na kukandikwa udongo na mavi ya ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa mwembamba kuliko wote nyumbani, basi siku ya kuchota, kifuniko cha nyasi kiliinuliwa nami nikashushwa ndani. Loo, msomaji wangu, jinsi nilivyostaajabu mle! Ulezi ulinipanda magotini, baridi na laini, na kukawa na kimya ambacho sijakisikia tena popote. Niliamini kwamba punje zile zote zilikuwa zimelala na hazitaki kelele, hivyo nilikuwa nachota huku nimebana pumzi.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa kimea chenyewe. Ulezi uliolowekwa ulirundikwa pembeni mwa nyumba, ukafunikwa majani ya mgomba, na bibi alinishika mkono akauweka juu yake. Lilikuwa rundo la punje tu, halikuwa na moto chini, lakini lilikuwa na joto la mtoto aliyelala. "Zinaamka," bibi aliniambia, na mimi nikaogopa kuutoa mkono.

Babu alipofariki, bibi alijaza kihenge kuliko mwaka wowote. Ulezi ule ulikuwa wa pombe ya kumaliza msiba, na mpaka watu wainywe bibi asingevua kitambaa cheusi kichwani. Aliihesabu kuwa ahadi kwa mumewe.

Mwaka huohuo mvua zilichelewa kukatika na watu wakavuna katikati ya unyevu. Ilikuwa enzi ya mifuko ya nailoni kuingia kwa wingi kutoka Tunduma, mizuri, yenye rangi, na watu walikuwa wamebomoa vihenge vyao wakiona ni ushamba. Ulezi ukatiwa mle kabla haujakauka vizuri. Kwa macho haukuwa na kasoro. Mvua mpya zilipofika watu walipanda, wakangoja, na mashamba yakabaki mekundu. Mbegu ilikuwa imeungulia mifukoni.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee wa kanisa, jirani yetu aliyeitana ndugu na babu, ambaye Jumapili nyingi alisali dhidi ya vyungu vya bibi bila kumtaja jina. Siku hiyo alisimama uani kofia mkononi, akauliza habari za mifugo, habari za magoti ya bibi, habari za kila kitu.

"Sema tu, shemeji," bibi akamwambia.

"Mama, nimekuja kuomba mbegu."

Bibi akakigeukia kihenge. Baba akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba ule ni ulezi wa marehemu.

"Mume wangu hana haraka," bibi akajibu. "Mvua ndiyo ina haraka."

Nikashushwa kihengeni. Nilichota kwa ajili ya mzee wa kanisa, nikachota kwa ajili ya waliomfuata, hadi nikasimama kwenye sakafu tupu na kukohoa kwangu kukanirudia masikioni. Nililia mle ndani, kwa sababu nilijua bibi atakaa na kitambaa kile mwaka mwingine. Lakini siku chache baadaye kijiji kizima kilikuwa kijani, mpaka mtu unaona aibu kukanyaga.

Mavuno yalipofika kila nyumba ilileta kikapu. Bibi hakumwonea mtu haya. Alichukua konzi moja moja akaziotesha, na mzee wa kanisa alisubiri majibu kama wengine. Ulipokubaliwa wake, alisogea akanong'ona, "Mama, wangu usiutie kwenye pombe."

"Ukishaingia humo ndani, shemeji, haujulikani wa nani."

Alicheka, na siku ya kumaliza msiba alikuja akanywa togwa, kinywaji cha kimea kisicholevya. Bibi alivua kitambaa mbele ya watu wote, na nikashangaa kuona nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa.

Kihenge hakipo tena, na alama yake pale nyuma ya jiko siioni. Wapikaji wa siku hizi hununua kimea kilichosagwa tayari, kwa kopo, kwa mtu wasiyemjua. Siwalaumu, nani ana nafasi ya kungoja?

Ila ile juzi nilimwomba yule mama wa sokoni konzi moja. Nimeifunga kwenye kitambaa kibichi, na leo asubuhi nimekuta imeota, yote. Nikaweka kiganja juu yake nikatulia, nikingoja lile joto. Sikulipata. Joto lile linataka rundo, na rundo la bibi la mwaka ule lilitoka kwenye vikapu vya kijiji kizima.