Wiki mbili za immersion ya Kihispania hapa Silibwet, na kazi ikaenda kwa Mama

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Kwetu ni Silibwet, tuna majani chai na ng'ombe watatu. Mwaka jana kampuni moja ya utalii ilitafuta mtu wa kupokea wageni kutoka Mexico, wanaotaka kuona mkulima mdogo anavyoishi. Sharti moja tu: uweze kukaa na mgeni saa nzima mkielewana.

Mimi nina diploma iliyolala kabatini miaka minne. Hiyo kazi niliitaka sana.

Sasa ingia Kirui. Mwalimu mstaafu, alikaa Spain miezi minane kwa mtoto wake akarudi na kofia. Akafungua camp nyumbani kwake. Watu sita, wiki mbili, Kihispania tu kuanzia chai ya asubuhi.

Na mnajua alitekeleza immersion kwa kutumia nini? Disk.

Kwa wale hamkusomea huku: ukiongea lugha ya nyumbani shuleni ulivalishwa kibao shingoni, na hakitoki mpaka umnase mwenzako. Atakayebaki nacho jioni atakiona cha mtema kuni. Kwa Kirui, adhabu ilikuwa kuosha vyombo vya watu wote. Na sisi watu wazima, wengine na wajukuu, tukakubali.

Siku ya kwanza tulijaribu. Siku ya pili tukagundua kwamba asiyeongea hanaswi.

Kuanzia hapo nyumba ikawa kimya kama chumba cha mtihani. Nilijua kuomba chumvi kwa macho. Mwenzetu mmoja, Njoroge, mwenye hardware pale sokoni, alikuwa anakukanyaga makusudi ili ulie kwa Kiswahili.

Utamaduni nao tulifundishwa: kulala saa nane mchana. Kirui aliita siesta. Mama yangu ana jina lake kwa hiyo tabia, na si zuri.

Nikatoka na cheti. Ndiyo, cheti kilikuwepo.

Siku ya kupimwa, kampuni ikamleta shambani mama wa makamo kutoka Mexico, anaitwa Lucía. Akanisalimu, akaniuliza swali. Nililielewa, wakuu, na hiyo ndiyo inaniuma. Jibu nilikuwa nalo. Lakini nikaanza kulikagua kama lina kosa, nikajikuta natabasamu tu. Akauliza lingine. Nikatabasamu tena.

Mama akatoka jikoni. Hajui Kihispania, na Kiswahili chenyewe anakilazimisha.

"Wewe, unasimamisha mgeni kwa jua ya nini?" akaniambia. "Wacha akuje akunywe maziwa."

Akamshika mkono, akamwonyesha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na ule mkaa tunaosugua ndani kabla ya kutia maziwa. Lucía akauliza kwa vidole mkaa ni wa nini. Mama akamweleza kwa Kipsigis, lugha yetu ya nyumbani, bila wasiwasi wowote.

Lucía akaona mahindi. Akaeleza kwamba kwao huyachemsha na chokaa kabla ya kusaga. Hiyo pia nilielewa yote. Sikufungua mdomo.

Kila kitu alichoshika Mama aliuliza jina lake la Kihispania, akalitamka vibaya, wakacheka wote wawili, akarudia. Saa moja ikaisha, ikaja ya pili. Mimi nilikuwa nachochea moto.

Wiki iliyofuata kampuni ikapiga simu. Nikapokea haraka. Wakaomba kuongea na Mama.

Nilichojifunza ni kwamba lugha haiingii kwa mtu anayeogopa kukosea. Hofu tulitiwa tukiwa watoto, na bado tukaenda kuitafuta tena tukiwa na ndevu.

Wewe ulijifunzaje lugha ya watu? Andika hapo chini, na wa kucheka wacheke. Juzi Mama alinirekebisha Kihispania changu mbele ya wageni, na alikuwa sahihi.