Pumzi ya Mama Ndani ya Mashine

Kuna mashine iliwahi kumshika mama yangu kwa pumzi yake.

Leo asubuhi nimemwona akipuliza jiko, nikacheka hadi akaniuliza kuna nini.

Miaka ya themanini, hapa Kathonzweni, tulichimba shimo la gesi ya kinyesi cha ng'ombe. Moto kwa stovu ukakataa kushika. Baba akasema shimo lifukiwe.

Mama akakataa. Tukaweka gesi ndani ya tyubu ya gari, mimi na yeye tukaipeleka maabara Nairobi.

Mtaalamu akaingiza gesi kidogo kwa mashine.

Jamani! Kalamu ya mashine ikaanza kuchora milima kwa karatasi, mmoja baada ya mwingine. Gesi zilikuwa zimechanganyika, na mashine ilikuwa inazitenganisha. Kila gesi na mlima wake!

"Huu mkubwa ndio unawaka," akasema mtaalamu. "Lakini hapa kuna hewa ya kawaida. Imetoka wapi?"

Mama akaangalia viatu vyake.

"Tyubu ilikuwa nusu. Nikaipuliza ijae. Mtu hapelekewi kitu nusu."

(Wakamba wenzangu, mnamjua huyu mama. Mnaye nyumbani.)

Mtaalamu akacheka hadi akakaa chini. "Nikitoa pumzi yako, mama, gesi yako iko sawa kabisa. Shida ni stovu."

Shimo likapona hivyo!

Kisha Mama akaninong'oneza: "Muulize kama inaonyesha nilikuwa naomba Mungu nikipuliza."

Nikamuuliza.

Hakucheka. Aliinama, akaiangalia ile karatasi tena.