Misheni ya Ukweni

Askofu Nyangau alipotangaza kanisani Rodi Kopany kwamba Mungu amefungua mlango wa ng'ambo, na kwamba kikosi kitakwenda huko wiki mbili kufundisha watu Kiingereza, Zadock alitajwa wa kwanza. Angetajwa nani mwingine? Katika kikosi kizima yeye ndiye pekee aliyekuwa mwalimu, anayefundisha Kiingereza sekondari msingi na kusahihisha insha mpaka macho yanamuuma. Wale wengine walikuwa waimbaji wa kwaya.

Ng'ambo ipi, askofu hakusema. Tukitaja mahali, alisema, adui atatutangulia. Basi Zadock akahangaikia pasipoti mpaka akaipata. Akaazima sanduku kubwa la magurudumu. Mama yake akachinja kuku, akaita akina mama wa maombi, wakamwekea mikono kichwani. Sokoni wakaanza kumwita Mzungu.

Gari la kanisa likapita Rongo, likapita Migori, likashika njia ya Kuria, na moyo wa Zadock ukaanza kuingiwa na wasiwasi. Jioni wakashushwa Ntimaru kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi wakaambiwa wabebe masanduku, wakapitishwa njia ya ng'ombe kati ya mashamba ya mahindi mpaka kwenye jiwe la mpaka. Hapo wakapigwa picha, mguu mmoja Kenya, mmoja Tanzania, wote wamevaa fulana za njano za misheni. Picha zilipokwisha, masanduku yakarudishwa Ntimaru, maana ndiko wangekuwa wakilala.

"Bishop," Zadock akauliza, "yaani hii ndio ng'ambo?"

"Kwani hiyo si Tanzania? Soma jiwe, mwalimu."

Zadock hakuwa na haja ya kusoma jiwe. Lile kanisa la bati jekundu lililokuwa mbele yao alilifahamu. Alikuja hapo na wazee wa kwao siku ng'ombe wa mahari walipofika, kwa sababu Edith, mke wake, alizaliwa kwenye boma lililo nyuma ya kanisa hilo. Pasipoti ilikuwa mfukoni, mpya, haijafunguliwa, na ng'ambo aliyoombewa kwa kuku mzima ilikuwa ukweni kwake.

Atakayeuliza ukweni kuna ubaya gani, huyo hajaoa huku. Kwa Wajaluo, kwa Wakuria, na hata kwa Wakisii, kwao askofu mwenyewe, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mikono. Hawakai chumba kimoja wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima, na kila mtu anajua mipaka yake tangu utotoni.

Sasa mwalimu akaingia darasani, akasalimu, akageuka kuwatazama wanafunzi wake, na kwenye benchi la mbele kabisa alikuwa ameketi Mama Susana, mamake Edith, na kalamu mpya mkononi.

Zadock akageukia ubao upesi. Nyuma yake akasikia benchi likilia, nyayo za haraka, na mlango. Darasa zima likaelewa, kwa maana kijiji kizima kilimjua mkwe wa Susana. Cate peke yake, msichana wa kwaya aliyekulia Nairobi, ndiye aliyeuliza kwa sauti, "Huyo mama amekasirishwa na nini?"

Zadock akaandika tarehe. Akaifuta, akaiandika tena. Alikuwa amekasirika. Kwa nini hakuambiwa? Angeambiwa mapema, angeomba kijiji kingine, au angebaki kwao asahihishe insha kwa amani. Na uchungu wake mkubwa ni kwamba alijua ni nini kilichomleta yule mama darasani. Dada wa Edith aliolewa Kanada. Ana mtoto wa miaka mitano ambaye hajui lugha yoyote ila Kiingereza. Kila Jumapili mtoto hupiga simu akazungumza na bibi yake kwa kirefu, na bibi hucheka tu, kwa sababu hana la kujibu. Desemba wanakuja. Edith alikuwa amemsimulia mara nyingi: mama anaogopa mjukuu atafika amkute bubu.

Akiwa katika mawazo hayo akaona, chini kwenye ukingo wa dirisha lisilo na kioo, ncha ya kitambaa cha kichwa. Mama Susana hakwenda nyumbani. Alikuwa ameketi nje juu ya jiwe, mgongo ukutani.

Zadock akachukua kiti chake mwenyewe cha ualimu, akampa mzee Maroa, aliyekuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote.

"Mzee, nisaidie. Peleka hiki nje."

Maroa akaelewa, akakipeleka bila neno. Somo la kwanza likawa hilo hilo: leta kiti, peleka kiti, tafadhali kaa. Zadock alifundisha kwa sauti ya kuhubiri sokoni, akiutazama ukuta wa upande wa pili, na kila darasa lilipojibu, sauti moja zaidi ikaingia kupitia dirishani, ikichelewa kidogo, ikijitahidi.

Mambo yangekwenda vizuri kama misheni ingekuwa ya kufundisha. Lakini ilikuwa ya picha. Akifika katikati ya somo, waimbaji wanaingia na gitaa. Akimwita mtu ubaoni, askofu anataka wote wasimame wapunge mikono, video ya wafadhili. Siku nyingine fulana za njano zikasahaulika Ntimaru, somo likasimamishwa mpaka ziletwe. Zadock akameza hasira moja baada ya nyingine. Mwisho askofu akaona kiti kilichokuwa nje.

"Mwalimu, huyu kondoo mbona yuko nje ya zizi?"

"Bishop, huyo ni mama mkwe wangu."

"Katika Kristo hakuna mkwe."

"Na wewe kwenu Kisii? Unaweza kuingia jikoni kwa mama mkwe wako ukae naye?"

Askofu akakohoa. "Hapa ni misheni, Zadock. Usituletee mila."

Kesho yake, Zadock akiwa ubaoni, Cate na askofu wakamtoa Mama Susana kitini, huyu mkono huu, yule mkono ule, huku wakicheka kwa upendo, wakamwingiza. Mpiga picha alikuwa tayari. Zadock aliona ile kanga ikipita mlangoni, hakufikiri mara mbili: akapanda dawati, akatoka kwa dirisha. Suruali ikanaswa na msumari, ikachanika kutoka mfukoni hadi gotini. Akaenda zake kwenye mahindi akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, mtu mzima na digrii yake.

Siku iliyofuata kiti kilikaa kitupu. Na iliyofuata.

Alimpigia simu Edith. "Mama amesemaje?"

"Hajakukasirikia wewe. Anasema umemheshimu. Lakini ameona aibu, watu wamecheka, harudi. Anasema huyo mtoto atakuja tu, watatazamana."

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwishia. Alimkuta askofu akinywa chai kwenye nyumba ya wageni, hakungoja kukaribishwa.

"Bishop, mimi nimechoka na hii maneno. Huyo mama alikuwa anasoma kuliko wote, na nyinyi mmemfukuza na kamera. Utamwendea leo, wewe mwenyewe, umwombe msamaha, umwambie kiti kitakaa nje na hakuna mtu ataguza. Ukikataa, kesho narudi Rodi Kopany, na hao watu utawafundisha wewe."

Askofu alijua kwamba Kiingereza chake mwenyewe ni cha mahubiri tu. Akamaliza chai, akachukua kofia, akavuka mpaka. Alichomwambia Mama Susana hakijulikani, lakini asubuhi kitambaa kilionekana tena dirishani, na Zadock alifundisha siku hiyo mpaka koo likakauka.

Ikafika siku ya kufunga. Viti vyote vya kanisa vilichukuliwa na wageni, hata kile cha nje. Kila mwanafunzi alitakiwa asimame mbele aseme machache kwa Kiingereza, na kikosi kizima, mwalimu akiwemo, kikae kimepangwa mbele yao. Zadock alipoona hivyo alijua la kufanya. Mama huyu asipozungumza leo mbele ya watu, Desemba hatathubutu.

Akamkabidhi Cate chaki. "Endelea na wao."

"Na wewe? Mwalimu, sherehe ni yako!"

Akatoka. Akazunguka kanisa, akaketi juu ya lile jiwe chini ya dirisha, mgongo ukutani. Ndani akasikia askofu akiuliza kwa hasira mwalimu ametorokea wapi saa ya picha. Akasikia majina yakiitwa, makofi, kicheko cha mzee Maroa. Jua lilimpiga usoni, na jiwe lilikuwa gumu kuliko alivyodhani.

Kisha likaitwa jina la Susana.

Zadock aligundua kwamba midomo yake inajisogeza, kana kwamba yeye ndiye atakayejibu.

"Karibu nyumbani, mjukuu wangu," sauti ikasema kwa Kiingereza, polepole, neno baada ya neno. "Mimi ni bibi yako. Una njaa? Njoo ukae karibu nami."

Makofi yalipasuka. Zadock alifuta macho kwa ile fulana ya njano, akafurahi kwamba hakuna anayemwona. Alidhani mama amemaliza. Lakini Mama Susana alikuwa bado amesimama, akingoja watu watulie.

"Mwalimu wangu yuko nje," akasema, kwa Kiingereza kile kile. "Tafadhali mpelekeeni kiti."